Gemu zilizoibwa ndizo zilizopona

Haya jamani, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Leo naandika juu ya gemu. Najua kuna msomaji atakayeguna kwamba mwandishi wa habari mzima amekosa la kuandika, lakini naomba unipe dakika kumi tu. Hadithi hii inamhusu kila aliyewahi kuweka kazi yake mtandaoni, hata kama hajawahi kucheza gemu maishani mwake.

Tuanzie kafe. Mwaka 2009 nilikuwa darasa la tano, na Jumamosi kwangu haikuwa Jumamosi bila shilingi 500 ya kununua nusu saa ya intaneti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umewashwa Dar es Salaam mwezi Julai mwaka ule, lakini kafe yetu ya mkoani iliendelea na intaneti ya dishi, ile inayofungua picha mstari kwa mstari kuanzia kichwani kushuka chini. Kompyuta zenyewe za chogo, mausi ina mpira ndani, vumbi likiingia inagoma. Sasa mtandao ukikata (na ulikuwa unakata kweli kweli), kaka aliyekuwa anasimamia kafe alituambia, "Madogo msiondoke, chezeni za ndani."

Za ndani zilikuwa gemu alizokuwa amezihifadhi kwenye kila kompyuta. Unachukua faili dogo, unaliburuta mpaka kwenye kivinjari, linafunguka, unacheza. Huna haja ya mtandao wala ya kusakinisha kitu chochote. Faili moja tu.

Kwetu yalikuwa mazingaombwe. Miaka mingi baadaye ndipo nimekuja kuelewa kwamba yule kaka alikuwa ananakili kazi za watu bila kuwauliza wenyewe. Nimeelewa pia kwamba kunakili kwa namna ile ndiko kulikoendesha biashara nzima ya gemu za kwenye kivinjari, na ndiko kulikokuja kuziokoa zisifutike. Twende polepole.

Faili zile ziliitwa Flash. Mzee wake ni Mmarekani, Jonathan Gay, ambaye alikuwa mtu wa gemu tangu ujana: ndiye aliyeandika programu ya Dark Castle, gemu ya kompyuta za Macintosh iliyotoka mwaka 1986. Mwaka 1993 yeye na wenzake walianzisha kampuni ndogo, FutureWave, wakatengeneza programu ya kuchorea kwa ajili ya kompyuta za kuandikia kwa kalamu. Soko la kompyuta hizo likafa likiwa changa, wakabaki na programu isiyo na mnunuzi. Wakaigeuza iwe ya kuchora katuni zinazotembea, wakaiongezea kipande kidogo cha programu cha kupachika kwenye kivinjari ili katuni ichezwe ndani ya ukurasa wa tovuti. Ikatoka mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash. Mwisho wa mwaka huo huo kampuni ya Macromedia ikawanunua na kulifupisha jina: Flash.

Siri ya Flash ilikuwa udogo. Picha ya kawaida inabeba rangi ya kila nukta. Flash haikubeba nukta, ilibeba maelekezo: chora mstari kutoka hapa hadi pale, uupinde hivi, ujaze rangi hii. Kwa hiyo katuni nzima iliweza kuingia kwenye faili dogo kuliko picha moja ya harusi. Kwa watu waliokuwa wanaingia mtandaoni kwa laini ya simu, na kwa sisi wa dishi baadaye, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kucheza na kuangalia skrini tupu mpaka nusu saa yako iishe.

Sasa tazama ilimaanisha nini kwa kijana mwenye wazo la gemu. Miaka ya tisini, kutoa gemu ya Nintendo au PlayStation kulihitaji leseni ya kampuni yenye mashine, mchapishaji mwenye fedha, viwanda na maduka. Yaani kabla mchezaji hajakuona, umeshapita kwa mabwana wanne au watano, na yeyote kati yao anaweza kusema hapana. Flash ikaja na habari nyingine: tengeneza peke yako chumbani, pandisha faili, kesho yake mtu wa bara lingine anacheza.

Aliyeifungua njia hiyo zaidi ya wengine ni Tom Fulp wa Pennsylvania, mwanzilishi wa tovuti ya Newgrounds (1995). Mwaka 1999 alitoa Pico's School kwa kutumia Flash wakati bado haina lugha kamili ya kuandikia programu. Ile ilikuwa zana ya katuni, yeye akailazimisha iwe gemu! Mwaka 2000 Newgrounds ikafungua mfumo ambao mtu yeyote anapandisha kazi yake mwenyewe, ikaonekana papo hapo bila kusubiri mhariri. Wahariri walikuwa watazamaji: wanapiga kura, kazi mbaya inafutwa, nzuri inabaki.

Na mambo yakaonekana. Mwaka 2002 Fulp na mchoraji Dan Paladin waliweka pale gemu ya Alien Hominid. Ikapendwa mpaka mwaka 2004 ikatoka kwenye mashine za sebuleni, zile zile zenye mabwana watano. Mwaka 2009 Adam Saltsman alitengeneza Canabalt kwa siku tano: mtu anakimbia juu ya mapaa ya jiji linalobomoka, na wewe una kitufe kimoja tu, cha kuruka. Akaiweka kwenye kivinjari bure, na toleo la kulipia la iPhone likafuata mwaka ule ule. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilipotangaza gemu 14 za kwanza kuingia kwenye hazina yake, Canabalt ilikuwemo. Siku tano za kazi, ikawekwa kundi moja na Pac-Man na Tetris.

Swali la mwandishi wa habari siku zote ni moja: pesa zilitoka wapi? Mchezaji halipi hata senti. Basi kulikuwa na njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni udhamini. Tovuti ya gemu inamlipa mtengenezaji, naye anaweka nembo ya tovuti hiyo mwanzoni mwa gemu. Ukiibofya, inakupeleka kwa mdhamini. Mwaka 2007 likaanzishwa hata soko la mtandaoni, Flash Game License, ambako mtengenezaji anaonyesha gemu yake na wenye tovuti wanataja dau. Njia ya pili ni matangazo. Kampuni ya Mochi Media, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilimpa mtengenezaji kipande cha programu cha kuweka ndani ya gemu, na wakati gemu inajipakia mchezaji anaonyeshwa tangazo.

Umeona ujanja ulipo? Nembo imo ndani ya faili. Tangazo limo ndani ya faili. Kwa hiyo anayelinyakua faili na kulibandika kwenye tovuti yake bila kuuliza, amelinyakua pamoja na nembo na tangazo. Amekuwa mchuuzi wa bure wa yule aliyemwibia! Ndiyo maana watengenezaji waliojua kazi hawakuhangaika kuwafukuza wezi. Wengine waliwapelekea faili wenyewe, tovuti moja baada ya nyingine. Kadiri inavyonakiliwa, ndivyo wachezaji wengi zaidi wanavyobofya nembo.

Nisiwapambe lakini. Walikuwepo waliofungua faili, wakang'oa nembo na jina la mtengenezaji, wakabandika la kwao. Huo haukuwa uchuuzi, ulikuwa wizi mtupu, na kuna vijana waliolia. Kwa sababu hiyo na kwa sababu za mikataba, baadhi ya gemu zilifungwa. Mtengenezaji anaandika sharti ndani ya faili: kabla hujaanza, angalia uko kwenye anwani gani, kama si ya mdhamini wetu, usifunguke. Wakati ule ilionekana ni busara. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Nyumba ikawa imejengwa, watu wanahamia, muziki unapigwa. Lakini kiwanja kilikuwa cha nani? Flash haikuwa mali ya umma kama zilivyo kanuni za kurasa za tovuti. Ilikuwa ya Macromedia, na mwishoni mwa mwaka 2005 ikawa ya Adobe walioinunua Macromedia. Gemu za maelfu ya vijana wasiojuana, wengine wanafunzi wa sekondari, zilisimama juu ya kipande kimoja cha programu cha kampuni moja.

Nyufa zikaanza mwaka 2007 iPhone ilipotoka bila Flash. Tarehe 29 Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini hataiweka: haiko wazi kwa wote, ina matundu ya usalama, inaangusha kompyuta, inamaliza betri, na ilitengenezwa kwa mausi, si kwa kidole. Mengi aliyosema yalikuwa kweli. Lililokuwa kweli pia, ni kwamba gemu ya bure ndani ya kivinjari cha simu haipiti kwenye duka la Apple, na dukani wakati ule Apple alikuwa anachukua asilimia 30. Novemba 2011 Adobe wenyewe wakaacha kuendeleza Flash ya simu.

Wakati huo huo vivinjari vilikuwa vinajifunza kucheza gemu bila kupachikwa kitu. Ubao wa kuchorea uliomo ndani ya ukurasa, unaoitwa canvas, uliletwa mwaka 2004 na Apple hao hao. Ukaingizwa kwenye HTML5, kanuni iliyopitishwa rasmi Oktoba 2014. Hii haina mwenyewe mmoja, kila kivinjari kinaifuata.

Kisha tarehe 25 Julai 2017 Adobe wakatangaza kwamba mwisho wa Flash ni mwisho wa 2020. Tunaoishi Bongo tunaijua picha hii. Unaamka asubuhi unakuta nyumba yako imepigwa alama ya X nyekundu, bomoabomoa inakuja, na umepewa miaka mitatu ya kuhamisha vyombo. Ila wenye vyombo vyao wengi hawakuwepo tena. Aliyetengeneza gemu akiwa na miaka 16 sasa ana 30, ana watoto, faili la mwanzo lilikufa pamoja na kompyuta yake ya zamani, na hata nywila ameisahau. Tarehe 31 Desemba 2020 huduma ikakoma. Tarehe 12 Januari 2021 programu ya Flash yenyewe, kwa amri iliyokuwa imeshaandikwa ndani yake, ikaanza kukataa kufungua chochote.

Sasa turudi kwa wezi.

Mapema mwaka 2018, kijana wa Australia, Ben Latimore, alianzisha mradi wa Flashpoint. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya: kusanyeni kila gemu ya kivinjari kabla kiwanja hakijavunjwa. Watu wa kujitolea wakajiunga kutoka kila pembe. Hawakuomba ruhusa ya kila mtengenezaji, wangewapata wapi? Leo hazina ile ina gemu na katuni zaidi ya 150,000. Novemba 2020 Internet Archive nao wakafungua mkusanyiko wa Flash unaochezwa ndani ya kivinjari cha leo kwa kutumia Ruffle, programu ya wazi iliyoandikwa kuiga kazi ya Flash bila kumtegemea Adobe. Newgrounds nao wanatumia Ruffle kwa kazi zao za zamani.

Gemu zipi zilikuwa rahisi kuokoa? Zile zilizonakiliwa ovyo. Tovuti ya kwanza imekufa, lakini nakala iko kwenye tovuti nyingine hamsini, na kila nakala ni nzima kwa sababu gemu yote imo ndani ya faili moja. Zipi zilisumbua? Zile zilizofungwa. Flashpoint wamelazimika kuzidanganya: gemu inauliza "niko kwenye anwani ya mdhamini?", programu yao inajibu "ndiyo, upo", wakati tovuti ya mdhamini imeshazikwa zamani. Kufuli lililowekwa kumlinda mtengenezaji ndilo lililokaribia kuifukia kazi yake. Na Mochi Media walipofunga mwezi Machi 2014, gemu zilizotegemea seva zao ili zianze zilikwama vile vile, ingawa faili lilikuwepo.

Na zipi hazikuokoka? FarmVille ya Facebook mwaka 2010 ilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Ikafungwa siku ile ile, 31 Desemba 2020. Shamba lako halikuwa kwenye faili, lilikuwa kwenye seva za kampuni. Seva zikazimwa, mazao yakaenda nazo. Gemu ya mvulana mmoja iliyoibwa mara mia bado inachezwa, ila ile ya mamilioni ya watu imekwisha. Sijui kwako, mimi hapo nilinyamaza kidogo.

Kama unadhani ni mambo ya zamani, tazama Wordle. Josh Wardle aliitengeneza kwa ajili ya mpenzi wake aliyependa michezo ya maneno, akaiweka wazi Oktoba 2021. Haikuwa na matangazo, usajili wala duka, ni ukurasa mmoja tu. Mwanzoni mwa Novemba ilikuwa na wachezaji 90, na mwanzoni mwa Januari 2022 walizidi 300,000. Mwisho wa mwezi huo New York Times wakainunua kwa dola zaidi ya milioni moja. Watu walifanya nini waliposikia? Waligundua kwamba gemu yote, pamoja na orodha ya maneno yake, inashuka kwenye kivinjari unapofungua ukurasa. Wakahifadhi ukurasa kwenye kompyuta zao. Yaani walifanya alichofanya yule kaka wa kafe yetu, faili kwa faili. Na Machi 2024 gazeti hilo lilikuwa linadai nakala za mitandaoni ziondolewe.

Sasa kwa nini naandika haya, mimi wa magazetini?

Kwa sababu nimewalaani sana watu wanaonakili kazi. Nilianza kuandika nikiwa bado chuoni, na hakuna kilichoniuma kama kuamka na kukuta makala niliyoihangaikia wiki nzima imebandikwa mahali pengine, wakati mwingine bila jina langu. Niliwaandikia barua pepe za matusi ya kistaarabu. Kisha gazeti moja nililowahi kuliandikia likabadilisha tovuti yake, na kazi zangu za miaka miwili zikayeyuka. Nikauliza, nikaambiwa za zamani hazikuhamishwa. Mimi mwenyewe sikuwa na nakala, ujinga wangu. Mwaka jana mama mmoja niliyewahi kumhoji alifariki, na binti yake akaniomba ile makala ili waisome siku ya arobaini. Niliitafuta usiku kucha. Unajua niliipata wapi? Kwa mmoja wa wale niliowatukana. Neno kwa neno, na jina langu aliliacha.

Sitetei wizi. Anayeng'oa jina la mtu ni mwizi na ataendelea kuwa mwizi. Lakini ile miaka ya Flash imenifundisha kutofautisha vitu viwili tuliozoea kuvichanganya: kuwa na haki juu ya kazi yako, na kuifungia mahali pamoja. Haki uilinde. Kufungia ufikirie mara mbili, kwa sababu siku mwenye kiwanja akipiga X, anabomoa na vilivyo vyako.

Kwa kijana wa kwetu anayetaka kutoa gemu leo, njia ni nyepesi kuliko aliyoipita Tom Fulp. Unaweza kutengeneza kwa Godot, ambayo ni ya bure, ukaitoa kama kurasa za tovuti, ukafunga kila kitu kwenye faili moja la zip lenye index.html ndani, ukapandisha itch.io, na watu wakacheza humo humo kwenye kivinjari. Kupandisha hakuna malipo. Lakini usilale. Julai 2025 itch.io waliondoa kwenye utafutaji wao gemu zenye maudhui ya watu wazima baada ya shinikizo la kampuni za malipo, na wengine walijikuta hawaonekani kwa usiku mmoja. Iwe unakubaliana na hatua ile au hukubaliani, somo ni lile lile: pale nako ni kwa mtu.

Kwa hiyo andika jina lako ndani ya gemu, mahali lisipong'oka kirahisi. Hakikisha inafunguka hata mtandao ukikata, isitegemee seva itakayozimwa. Msimbo wako na michoro yako viweke sehemu mbili au tatu, mojawapo iwe mikononi mwa mtu unayemwamini. Na ukikuta kijana wa kafe fulani ameihifadhi kwenye kompyuta zake ili watoto wacheze wakati neti imekata, kabla hujamtukana, angalia kama jina lako bado lipo.

Kama lipo, mshukuru. Huenda ndiye makumbusho yako.

Nawatakia Jumapili njema. Mimi naenda kunakili makala zangu.